Maneno Matatu Juu ya Kibodi ya Zilpah

Zilpah Awuor alizaliwa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Viktoria, mwaka 1964 au 1965. Cheti cha ubatizo kinataja mwaka wa kwanza, kitambulisho kinataja wa pili, na mwenyewe hakuona haja ya kuchagua. Aliolewa Sori, ufuoni mwa Nyatike, baada ya kumaliza darasa la saba, na kwa sababu hiyo akawa mmoja wa wanawake wachache wa rika lake pale walioweza kuandika barua ikafika na ikaeleweka. Alianza na barua. Simu zilipoingia, wanawake walewale walimjia na haja zilezile, naye akaiweka kalamu kando.

Mgeni huuliza kwa nini mtu amtafute mwandishi badala ya kupiga simu. Jibu liko katika nyumba za Sori. Kuta nyingi ni za mabati, vyumba vimepangwa ubavu kwa ubavu, na anayezungumza katika chumba cha kwanza husikika hadi cha tano. Anayeandika hasikiki. Mwanamke mwenye neno lake alikwenda nyuma ya kibanda cha Zilpah, kwenye nyavu za kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani, akainama kana kwamba anawageuza, akasema kwa Kijaluo, polepole. Zilpah aliandika, akasoma kwa sauti ya chini, akatuma, kisha akaigeuza simu ili mwenye neno aushuhudie ujumbe ukifutwa.

"Umeona? Hakuna."

Hakuna aliyeondoka kabla ya kuoneshwa. Na kila ujumbe ulianza kwa namna moja: *Ni mimi fulani*, jina likitajwa, kwa kuwa nambari ilikuwa ya Zilpah na mpokeaji asingejua anayesema ni nani. Kanuni hizo mbili, kutaja jina mwanzoni na kufuta mwishoni, alizishika kwa miaka kumi na minane. Katika muda huo wote haikusikika pale Sori siri iliyotoka kwake. Wanaume waliliona hilo kuwa kiburi. Wanawake walimwita Min Ouma, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na walipotaka kumsifu walisema kwamba tumbo lake ni kisima.

Macho yalianza kumsumbua mwaka 2022. Herufi za simu zilikuwa ndogo, tena simu yenyewe ilikuwa na tabia ya kuyasahihisha maneno ya Kijaluo na kuyafanya ya Kiingereza. Mwezi wa Februari mwaka uliofuata aliipeleka kwa Kuruthum, mwanamke wa Isiolo mwenye duka la simu karibu na kituo cha magari. Kuruthum alimtafutia kibodi nyingine, ya kampuni isiyohusiana na waliotengeneza simu: herufi kubwa kama vifungo vya koti, na juu yake mstari wa maneno matatu yanayopendekezwa kabla hujamaliza kuandika. Kibodi hiyo ilijifunza. Baada ya wiki mbili ilimjua Ouma, ilijua omena, ilijua hata majina ya mashua.

Kuhusu siku hiyo ya Februari masimulizi mawili hayalingani. Kuruthum anasema alimsomea onyo lililotokea kwenye kioo, kwamba kibodi inaweza kukusanya kila kinachoandikwa, zikiwemo nywila. Zilpah anasema hakusomewa kitu. Aliona kidole cha Kuruthum kikibonyeza mahali, na mara herufi zikawa kubwa. Wote wawili wanakubaliana kwamba duka lilikuwa limejaa watu na kwamba Zilpah alifurahi sana.

Aliyeletwa na jambo zito mwaka huo alikuwa Emmaculate Akoth, mjane wa miaka arobaini na mmoja, aliyeacha shule darasa la tatu. Mumewe alikufa ziwani upande wa kisiwa cha Remba. Baada ya mazishi, simu ya marehemu ilichukuliwa na mdogo wake, Maxwell, katibu wa kamati ya wavuvi wa ufuo. Na kwa desturi ya nyumba hiyo Maxwell ndiye aliyetarajiwa kumrithi mjane. Emmaculate hakutaka. Alitaka kwenda Migori mjini kwa kaka yake Odhiambo, pamoja na watoto wawili na cherehani, kwa sababu cherehani ndiyo iliyokuwa imewalisha hata mume alipokuwa hai, na bila hiyo angekuwa mzigo katika nyumba ya watu. Lakini watu wa mume walisema mashine ni mali ya boma, imenunuliwa kwa samaki wa marehemu. Angeaga, angeondoka mikono mitupu. Ilibidi aondoke kabla hawajajua.

Ujumbe ulikwenda kwa mke wa Odhiambo, Moraa, ambaye ni Mkisii. Hivyo Emmaculate alisema kwa Kijaluo na Zilpah akaandika kwa Kiswahili. Tangu Machi hadi mwisho wa Mei walimwandikia mara kumi na tatu au kumi na nne. Siku ilihamishwa mara kadhaa, maana gari lilikosekana, au mtoto aliugua, lakini kila mara ilikuwa Ijumaa, siku ambayo wanaume wa boma huwa kwenye kikao cha ufuo. *Ni mimi Emmaculate. Nitatoka Ijumaa na cherehani. Gari lisiingie bomani, lingoje kanisani.* Zilpah aliyaandika maneno hayo, au yanayofanana nayo, mara nyingi kiasi kwamba mwishoni hakuhitaji kuyaandika: aligusa mstari wa juu, neno baada ya neno, akaona ni wepesi. Kisha alifuta.

Jumanne ya wiki ya safari, saa nne asubuhi, Maxwell alifika kibandani. Palikuwa na msiba wa mvuvi, na yeye ndiye aliyekusanya ahadi za michango ya watu.

"Min Ouma, nipe simu dakika moja. Yangu imezima, na watu wa Remba wanangoja majina."

"Na wewe katibu mzima huna chaji?"

"Katibu ana kazi. Chaji ni ya wasio na kazi kama nyinyi mnaolinda omena."

Wanawake waliokuwa karibu walicheka. Ufuoni mtu mwenye habari za msiba hanyimwi simu. Kumnyima kungekuwa kosa la kusemwa mwaka mzima. Tena Zilpah hakuwa na la kuficha. Kila kitu kilikuwa kimefutwa.

Maxwell aliandika kwa kidole gumba kimoja, akisoma kwa sauti kama alivyozoea. "Clifford, sukari kilo mbili. Millicent, kuni. Emmaculate..." Hapo akanyamaza. Zilpah alikuwa akipima omena kwa gorogoro, kopo la kupimia, na anasema kwamba kilichomshtua ni ule ukimya.

"Simu yako inaongea, mama," Maxwell akasema.

"Inasema nini?"

"Nimeandika Emmaculate tu, sijafika kwenye unga. Inaniambia *nitatoka*. Nikagusa. Inaniambia *Ijumaa*." Akagusa tena huku akitabasamu, kama mtu anayecheza karata. "*Na*. *Cherehani*. Yawa! Nani huyu anatoka Ijumaa na cherehani?"

"Ni mashine tu. Inabahatisha."

"Inabahatisha vizuri."

Akamaliza orodha yake, akatuma, akashukuru, akarudisha simu kwa mikono miwili.

Zilpah aliliacha gorogoro nusu. Alipita njia ya nyuma kwenda kwa Emmaculate, akamkosa. Alikuwa ameitwa kusaidia kupika msibani. Alikwenda msibani, akamkuta jikoni katikati ya wanawake kumi, mama mkwe wake ameketi kando yake akichambua mchele. Zilpah alisimama pale na salamu zake. Hakukuwa na namna ya kusema. Alipofanikiwa kumvuta Emmaculate kwa kisingizio cha maji, na wakafika bomani, Maxwell na wanaume wawili walikuwa tayari mlangoni, cherehani mabegani.

"Yuora," Maxwell alimwambia Emmaculate kwa upole, neno ambalo Wajaluo huitana mashemeji, "tunaipeleka kupakwa mafuta. Inalia sana."

"Hailii."

"Inalia. Wewe umeizoea tu."

"Itarudi lini?"

"Ikiacha kulia."

Jioni hiyo mama mkwe alihamishia mkeka wake katika nyumba ya Emmaculate, akasema amewakumbuka wajukuu.

Jumatano asubuhi Zilpah alikwenda kwa Kuruthum. Njiani alijaribu kumwandikia Moraa azuie gari, ujumbe ukakataa kwenda. Salio lilikuwa sifuri, ingawa alikuwa ameweka kredo usiku uliopita. Aliyaeleza yote mawili kwa pamoja, na Kuruthum akaipekua simu.

"Mama Ouma, hii kibodi ilikuwa ya bure mwezi mmoja wa mwanzo. Baada ya hapo inakata shilingi themanini kila Jumatano. Hukuona?"

"Nilidhani ni mtandao unaokula."

"Si mtandao."

"Basi itoe. Itoe yote."

"Kuitoa kwenye simu tu hakutasaidia. Kukata kutaendelea mpaka uingie kwenye akaunti usimamishe."

"Ingia."

Kuruthum alijaribu. Akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ambayo yeye mwenyewe aliitumia siku ile kwa wateja kadhaa wasio na barua pepe zao, na nywila yake hakuiandika popote. Alibahatisha mara tano, akafungiwa. Alichoweza ni kufuta maneno ambayo kibodi ilikuwa imejifunza. Kuna mahali pa kubonyeza. Alibonyeza, na mstari wa juu ukawa mtupu.

"Sasa haijui kitu," alisema.

"Na wenye kibodi? Wao wanajua?"

Kuruthum alisoma maelezo kwenye kioo, akarudia kuyasoma. "Wanasema maneno yako yanahifadhiwa kwao, ili ukibadilisha simu uyakute."

"Kwao ni wapi?"

"Hapa pana anwani. Ni nchi ya mbali, mama, hata mji wenyewe siujui."

"Waandikie."

"Niwaambie nini?"

"Waambie yale si maneno yangu. Ni ya wanawake. Mimi sikuwa na ruhusa ya kuwapa."

Kuruthum aliandika hivyo, kwa Kiingereza kizuri, nakala ipo. Jibu lilifika kabla hawajamaliza chai: kampuni inashukuru kwa mawasiliano, na inamwomba mteja aipe huduma nyota, kuanzia moja hadi tano.

Kwa simu ya Kuruthum walimpigia Moraa. Simu yake haikupatikana siku hiyo wala Alhamisi. Moraa alikuwa Kisii kwa mama yake, na Odhiambo, ambaye nambari yake hawakuwa nayo, alikuwa ameshamlipa dereva. Ijumaa saa tano pikapu liliegeshwa kanisani. Dereva alingoja hadi saa nane. Wanaume wa boma hawakwenda kikaoni. Walikaa uwanjani mwa Emmaculate kwenye viti vya plastiki, wakizungumza mambo ya nyavu, na mmoja wao alimpelekea dereva soda. Pikapu lilirudi Migori kama lilivyokuja.

Emmaculate alikwenda kibandani Jumamosi. Hakuinama kwenye omena. Alibaki amesimama.

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Ni simu. Maxwell aliandika jina lako kuhusu unga, simu ikatoa mengine."

"Simu iliyofutwa mbele yangu."

"Ujumbe ulifutwa. Lakini zile herufi zenyewe zilikuwa zinakumbuka."

"Herufi zinakumbuka?"

"Keti nikuoneshe."

Hakuketi. Zilpah alichukua simu, akaandika polepole ili mwenzake afuate: E, m, m, a. Akamaliza jina. Juu ya kibodi hapakutokea kitu. Akaongeza nafasi, akangoja. Akaandika tena tangu mwanzo, *Ni mimi Emmaculate*, kama alivyoandika mara zote. Mstari ulibaki mtupu, mweupe, jinsi Kuruthum alivyouacha.

"Ilikuwa inasema," Zilpah alisema. "Jumatano tuliifuta. Muulize Kuruthum."

"Kuruthum ni rafiki yako."

"Muulize Maxwell basi! Yeye ndiye aliyeiona."

"Nimemuuliza." Emmaculate alisema hivyo bila hasira, na Zilpah anasisitiza jambo hilo kila anapolisimulia. "Amesema, kwa nini nihangaike na simu, nimuulize Min Ouma."

Wanawake wawili waliokuwa wakianika walihamia upande wa pili wa nyavu zao.

"Nisomee nambari ya Moraa," Emmaculate akasema baadaye.

"Ngoja nikuandikie kwenye karatasi."

"Usiandike. Nisomee."

Zilpah alisoma tarakimu kumi. Emmaculate alizirudia, akakosea ya sita, akasomewa upya, akazirudia zote sawasawa. Kisha akageuka akaenda zake kati ya nyavu, akizitamka kwa sauti, moja baada ya nyingine, ili asizipoteze kabla hajampata mwingine mwenye simu.