Kaburi Nyuma ya Migomba

Jumapili, tarehe tisa Novemba, alasiri, nilikuwa Muaither katika nyumba ya waajiri wangu, nikimfundisha binti yao jinsi Warumi walivyopoteza dola yao. Nyumbani nilifundisha historia sekondari. Hapa Doha nina mwanafunzi mmoja, wa miaka kumi na mitatu, asiye na subira.

"Nipe mwaka ilipoanguka, mwalimu, niukariri niende zangu."

Nilimweleza kwamba mwaka mmoja hautoshi. Watu waliokimbia vita walifika kwenye mto wa mpakani wakaomba hifadhi. Warumi wakawavusha, baadaye wakawapa ardhi, hatimaye wakawategemea kulinda mipaka. Kila ruhusa ilikuwa na sababu yake nzuri.

"Kumbe walikuwa wajinga?"

"Hapana. Walikuwa mbali, na walikuwa na shughuli nyingi."

Simu ikatikisika mezani. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa binamu yangu, niliyemwomba miaka minne iliyopita alinde shamba nililoachiwa na baba, ambamo shangazi yangu mzee anaishi peke yake. Kwanza aliomba kibanda cha kuwekea majembe. Kibanda kikapata mlango, kisha jiko, kisha mke. Baadaye ikaja migomba, na ua wa kuizunguka. Yote aliyaomba kwa adabu, nami nikayakubali.

"Dada wa viyoyozi," alianza kwa utani, kisha sauti ikashuka. "Mama mkwe ametutoka alfajiri. Tunaomba kona ndogo tu, nyuma ya migomba. Maiti haingoji."

Kwetu mtu aweza kunyimwa shamba, kaburi hanyimwi. Nikaandika: Mzikeni, Mungu amrehemu. Nikarudi kwa Warumi.

Jioni shangazi alipiga simu. Hakungoja hata shikamoo yangu.

"Umempa kaburi? Na wewe ndiye msomi wetu! Kibanda hubomolewa, migomba hukatwa. Kaburi nani atalihamisha? Kesho mimi ndiye nitakayeitwa mpangaji."

Wiki ya tatu kaburi lilisakafiwa, na ua ukasogezwa hadi ukameza kisima. Kisha binamu akaomba funguo za nyumba kubwa ya baba, anamoishi shangazi, ili wageni wa arobaini wapate pa kulala.

Siku hiyohiyo binti alinisomea kwa sauti habari za miji ya kisiwa cha mbali iliyomwomba mfalme wa Warumi msaada, naye akaijibu kwa barua kwamba ijilinde yenyewe.

"Mwoga huyu," akasema.

Usiku ule niliandika barua ya karatasi, kwa kuwa simu ya shangazi huchajiwa kibandani kwa binamu, nikampa mwenzangu tunayekaa naye Al Mansoura, aliyekuwa akienda likizo nyumbani:

Shangazi yangu, shikamoo. Sikupata ruhusa ya kuja hadi mitihani ya mtoto iishe. Kaburi lisiguswe, kosa ni langu, si la marehemu. Ila funguo usizitoe, hata kwa usiku mmoja, hata ukiombwa kwa machozi. Hati imo katika sanduku la baba. Ichukue pamoja na barua hii, umwoneshe mwenyekiti wa kijiji kabla ya arobaini. Ningekutumia mtu wa kukulinda, lakini niliyemtuma ndiye huyo. Jilinde, shangazi, mpaka nije.