Pale Fundi Ukucha Alipokosea

Mume wangu ni fundi wa vigae, na wateja wamempa jina la Ukucha. Akimaliza kazi haikagui kwa macho. Huyafumba, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye maungio yote, na ukikwama mahali, hata kidogo, anabandua na kuanza upya. Nimeshamwona akibandua kazi ambayo mwenye nyumba ameshaisifu na kuaga. Watu wanampenda kwa hilo. Mimi pia nampenda, ila mimi ndiye niliyeoga miaka nenda miaka rudi katika bafu ambalo halijaisha.

Maana mganga hajigangi. Bafu letu alilibandika vigae vyeupe hadi usawa wa kifua, vizuri ajabu, kisha akaziacha kingo za juu wazi, zikawa zinakwangua kiwiko cha kila aingiaye. Kilichobaki ni ule ukanda mwembamba wa kufunika kingo, kazi ya asubuhi moja. Shida ilikuwa kuuchagua. Kwa watu huchagua kabla hajavua kofia. Kwake alileta vipande vya mfano, akavigeuzageuza, akavinunia. Huu unang'aa mno, ule utapauka, ule una pembe kali. Vipande vikatapakaa nyumba nzima. Cha shaba nikawa nafungulia makopo, na kimoja cha plastiki ya kahawia, kibaya kuliko vyote, kikawa kinazuia dirisha la jikoni lisijipige.

"Mchagua jembe si mkulima," nilimwambia.

"Mimi si mkulima," akajibu. "Mimi ni fundi."

Nikaenda kufungua kopo kwa kile cha shaba.

Aliyetuamsha ni mama yake. Macho yalikuwa yanamwishia taratibu, na bado aliishi peke yake katika nyumba alimomlea huyu mwanawe. Siku alipounguza sufuria, nusura aunguze na nyumba, tulimfuata tukamsihi aje kwetu. Akakubali kwa sharti moja, na mama mkwe wangu hana maneno mawili.

"Nitakaa kwenu ilimradi niende msalani peke yangu," alisema. "Siku mtakayonishika mkono mkanipeleka kama mtoto, mnirudishe kwangu siku hiyo hiyo."

"Mama, kwako utaungua," mume wangu akasema.

"Nitaungua na heshima yangu."

Tulijua hatanii. Yeye alishazoea kutembea na mkono ukutani, ukuta ndio uliomwongoza. Kwetu mkono huo ungepita juu ya zile kingo kali. Basi jambo lililotusumbua miaka likaamuliwa kwa mchana mmoja.

Nilikwenda na mume wangu dukani. Muuzaji akatandaza kanda za kila aina juu ya kaunta. Mimi nilipenda ule wa rangi ya dhahabu, sifichi, napenda vitu vinavyong'aa. Mume wangu akafumba macho mbele za watu, akawa anazipapasa moja moja kwa kiganja, kama mtu anayepima homa kwenye paji la uso la mtoto. Muuzaji akanitazama kuuliza kama mzee ni mzima. Nilitaka kucheka, kisha kicheko kikaniishia. Mume wangu alikuwa amejifanya mama yake.

"Huu hapa," alisema. Ulikuwa wa alumini, mgongo wa mviringo. "Mkono wa mama utateleza kutoka mlangoni hadi mwisho bila kukwaruzwa."

Akaufunga kesho yake. Alikata pembe kwa msumeno, akapiga tupa, akaziba kwa saruji nyeupe, akafuta, kisha akaniita nikague mimi. Nilipitisha ukucha kutoka mlangoni, nikazunguka kona, nikafika dirishani. Sikujua vipande vimeungana wapi. Nikamwambia hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na nilimaanisha.

Mama akaja. Alikunywa chai, akaniuliza kama bado napika chumvi nyingi, kisha akaomba aonyeshwe mlango wa bafu, mlango tu. Mume wangu akauweka mkono wa mama juu ya ukanda, akamweleza choo kiko ukuta wa pili, akatoka. Mama akafunga. Sisi tukabaki nje tukijifanya tunakunja nguo.

Akakawia. Tulisikia kandambili zake zikienda, zikirudi, zikienda tena. Ndoo ikaanguka. Mume wangu akaruka, nikamdaka shati.

"Ukiingia tu, umempoteza," nilimnong'oneza.

Alipotoka, gauni lilikuwa limelowa hadi magotini.

"Choo sijakipata," alisema. "Mkono unakwenda tu, haujui pa kusimama. Nirudisheni kwangu."

Mume wangu alikaa sakafuni pale pale, miguuni pa mama yake. "Mama, nimeulainisha kwa ajili yako."

"Najua, mwanangu. Umeulainisha mno."

Mimi sina subira, na huruma ikinizidi huwa nauliza maswali. "Kwani kule kwako unajuaje kama umefika, mama?"

"Kwa pale alipokosea huyu."

Nilielewa kabla ya mume wangu. Bafu la mama ndiyo kazi ya kwanza kabisa ya mume wangu, enzi anajifunza. Vipande viwili vya ukanda havikukutana, kimoja kimepanda juu ya mwenzake kama meno yaliyopandana. Kila tulipomtembelea mume wangu alikwenda kupatazama kwa siri, akatoka na uso wa msiba, akaomba apabomoe. Kila mara mama alimkatalia katakata. Tulidhani ni mambo ya wazazi, kutunza vya kwanza vya watoto wao.

"Nikigusa pale najua nimefika," mama alieleza. "Nageuka, narudi nyuma, nakaa. Macho yameniacha, lakini kosa la mwanangu halijaniacha hata siku moja."

Mume wangu alijifuta machozi kwa mkono wa shati, wala hakujificha. Kisha akaenda jikoni akachomoa kile kipande cha plastiki ya kahawia, dirisha likajipiga kwa kishindo nyuma yake. Akaingia bafuni na msumeno. Mahali panapotazamana na choo, akaukata ukanda wake wa alumini, ule usioonyesha maungio, akaweka cha plastiki katikati. Tupa hakuigusa. Alikipandisha makusudi juu ya alumini pande zote mbili, huku ameuma midomo kama anayeng'olewa jino. Nikamwona anakisukuma chini kwa kidole, kidogo tu, kukisawazisha.

"Acha!" nikamkaripia. "Kosea vizuri!"

"Msikilize mkeo!" mama akapaza sauti kutoka sebuleni.

Mama alikubali kulala siku ile, gundi ishike. Nilimwekea ndoo chumbani, akaniapisha nisimwambie mtu, na sijamwambia mtu hadi hapa.

Asubuhi akaenda mwenyewe, mkono ukutani. Mlango ukafungwa, komeo likaingia. Kandambili zikasogea polepole, zikasimama. Mume wangu alikuwa amenikamata kidole kwa nguvu hadi kinauma. Kisha tukasikia ukucha ukikwaruza plastiki, na mama akacheka peke yake mle ndani.

"Ehe! Nimekupata!" alikiambia kile kipande. Kandambili zikageuka. Zikarudi nyuma, kisha sauti ya amri: "Na nyinyi wawili, ondokeni mlangoni! Mnasikiliza nini?"

Tuliondoka mbio kama watoto waliofumaniwa, na fundi asiyekosea alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Wateja wakifika nyumbani hukiona kile kipande cha kahawia na kushangaa, naye huwaambia ndiyo kazi yake bora, wakadhani anatania. Mama hajasema tena habari ya kurudi kwake. Dirisha la jikoni siku hizi nalizuia kwa kile cha shaba, na makopo nafungua kwa kisu.