Jibu ya Jana ku Bichi

Batu banashangaaka nikisema kama ule mwaka ulimi yangu ilikufa njo mwaka naikumbukaka na kicheko. Sisemi ilikuwa mwaka muzuri. Ilikuwa mubaya. Lakini nikipita asubuhi ku bichi, kivuko yetu, nikisikia harufu ya mafuta ya moteur na ya mbisi, ile samaki ya moshi, roho inarudia kule yenyewe, sawa mbuzi yenye inajua nyumba yake.

Kazi yangu ilikuwa kuita batu. Ku bichi yetu, ukitaka kuvuka muto uende Lubunga, unakuta mitumbwi mbili ya moteur inangoja, moja ya manjano, moja ya bluu. Bei ni moja, na yote mbili inavuja kidogo. Sasa mama mwenye kubeba beseni ya karanga atachagua namna gani? Atachagua kinywa. Kila mutumbwi iko na mutu yake anasimama mbele, anaita, na kuita haitoshi, lazima amuchokoze ule wa mutumbwi ingine. Mwenye atachekesha bamama zaidi, njo yake itajaa wa kwanza. Njo desturi ya pale.

Mimi nilikuwa wa manjano. Nilisoma paka primaire tu, lakini mu kinywa nilikuwa na diplôme. Wa bluu alikuwa kijana mumoja murefu, masikio yake ilifunguka sawa milango ya duka. Jua ikitoka tu, tulikuwa tunaanza.

"Bamama, musipande mule," alikuwa anasema. "Moteur yao iko na kikohozi."

"Yetu inakohoa juu inatumika," mimi najibu mbele hajafunga kinywa. "Yenu iko kimya, inangoja maziko. Na ninyi bamama, mukipanda kwake muombe upepo. Masikio ya ule itawavusha bila tone ya essence."

Bamama banacheka, beseni inaingia kwetu. Yeye pia anacheka. Jioni tulikuwa tunakula kwanga moja, mukate ya muhogo, yeye na mimi, hatuchokozane hata kidogo, juu jioni hakuna mutu wa kulipa.

Kisha papa yangu alikufa. Matanga ilipita, batu balirudia kwabo, dada zangu balianza tena kucheka. Mimi nilibakia kule. Sikulala, sikukula. Mama alikuwa anapika lituma, ndizi ya kutwanga, na mbisi, anaiweka karibu ya kitanda, anakuja kuikuta vile aliiacha. Tantine yangu, dada ya papa, alisema ni ndoki, mutu ananiloga, akatafuta chumba ya maombi. Mama alinishika mukono sawa mutoto, akanipeleka ku centre de santé, zahanati yetu. Munganga wa pale, muuguzi mwanaume wa sauti ndogo, aliniuliza maneno mingi, akaita docteur, na docteur akaniandikia kinini ya huzuni, kidonge ya kumeza.

Nilimuuliza munganga: "Kumbe huzuni iko na kinini yake? Na shemeji yangu, hakuna kinini yake?"

Alicheka. Alisema mutu mwenye anaweza kuuliza vile, atapona.

Nilimeza. Pole pole usingizi ilirudia, na siku moja nilimaliza lituma, nikaomba ingine. Mama aligeuka akaangalia ukuta, ili nisione uso yake. Basi ile kinini, mimi siwezi kuitukana. Lakini ilichukua kitu. Kinywa ilikauka. Ulimi ilikuwa nzito, sawa lituma yenye ililala mu sufuria. Neno naiona iko pale nyuma ya meno, naijua mupaka rangi yake, lakini haitoke. Ama inatoka ingine. Ku meza nilitaka kuomba chumvi, nikaomba sabuni. Dada yangu akaniletea sabuni, akaiweka kando ya sahani, akanitakia kula vizuri.

Nilirudia ku bichi nikifikiri kule itakuwa rahisi. Wa bluu aliniona, akafurahi kabisa, na juu ya furaha akanichokoza hapo hapo.

"Bamama, ule amerudia, lakini mutumbwi yake iko pole sana siku hizi. Mukipanda kwake na mihogo, mukifika ngambo, mihogo imeshaota majani."

Batu balicheka, balinigeukia, balingoja. Nilifungua kinywa. Jibu ilikuwa karibu, nilisikia kicheko yake mu kifua, lakini ulimi ilikataa. Nilisema "mi... mi..." nikabakia vile, sawa radio yenye betri inaisha. Bamama baliangalia chini. Njo yenye iliniumiza, kuangalia chini. Beseni ikaenda kwa bluu, moja nyuma ya ingine, na wa bluu mwenyewe hakucheka tena.

Mwenye mutumbwi yetu alikuwa mama mumoja munene, mukali. Aliniita pembeni.

"Zamani nilikuwa nakuomba unyamaze," alisema. "Leo nakuomba uongee. Nakupatia mupaka mwisho wa mwezi. Kama batu habajai, nitatafuta mwengine. Sikuchukie, mwanangu, lakini mutumbwi inakula essence, haikule huruma."

Tantine alikuwa na dawa yake tayari. "Tupa ile kinini mu muto. Inakula ulimi yako, unaiangalia tu?"

Nilikwenda ku centre. Nilimuambia munganga pole pole, neno kwa neno, kama batu bengine banakula na mikono, mimi nakula na kinywa, sasa achague: anipe usingizi ama anipe kazi. Yeye alingoja mupaka nikamaliza. Hakunisaidia hata neno moja, na nilimushukuru kwa ile.

"Usiikate peke yako," alisema. "Ukikata mara moja, mwili itavurugika, na ile giza inaweza kurudia. Docteur atakuja, tutamuambia, atapunguza kidogo kidogo. Kwa sasa kunywa maji mingi. Na mutu akikukimbiza mu maneno, wewe usikimbie."

Ni rahisi kusema kwa mutu mwenye hakai ku bichi, juu bichi yote ni kukimbizana. Nilirudia nyumba, nikakaa nje na mama, yeye anatwanga pondu, ile mboga ya majani ya mihogo, mimi naangalia. Na pale, mama akitwanga, bila mutu kuningoja, jibu ilikuja yote. Niliisema kwa sauti kidogo. Ilitoka na vipande vipande, lakini ilitoka. Mama aliacha kutwanga, akacheka mupaka akashika kiuno.

Kesho yake asubuhi wa bluu alikuwa ameshaanza kuita. Nilikunywa maji, nikasimama mbele ya mutumbwi yangu, nikainua mukono.

"Ile... ya jana," nilisema.

Bamama baligeuka. Wa bluu alifungua kinywa kujibu, akaifunga. Kisha akafanya kitu yenye sitasahau. Alitoa kofia yake, akaambia batu: "Mungoje. Maneno ya ule iko inatoka mbali, Opala, na mutumbwi ya kasia. Itafika."

Balicheka, lakini balingoja. Na mimi sikukimbia.

"Ile mihogo... kama imeota majani... njo pondu hiyo. Kwetu unalipa kuvuka... unafika na mboga."

Mama mumoja wa karanga, wa kila asubuhi, njo alianza kucheka. Alipiga mukono ku paja, akasema, "Unafika na mboga," akapanda, na bengine nyuma yake. Mutumbwi ilijaa mupaka mwenye mutumbwi mwenyewe alikosa pa kukaa.

Tangu pale ilikuwa hivi. Wa bluu ananichokoza leo, mimi najibu kesho. Sikujaza kila siku, hapana. Kuko asubuhi jibu ilikwama, nikabakia na mukono juu sawa mutu anasimamisha taxi-moto, bamama bakanyanyua beseni zabo. Lakini mingi ilitoka. Bamama bakaanza kufika mbele ya saa yao. "Ya jana iko wapi?" balikuwa bananiuliza. Mama wa karanga aliniambia kama anabebaka uchokozi ya wa bluu ku nyumba yake, na wakati ya kula, kila mutoto anatafuta jibu yenye mimi nitaleta, na mwenye amekaribia anapata kichwa ya mbisi. Mwisho wa mwezi ilifika, ikapita. Mwenye mutumbwi hakuniita pembeni.

Docteur alikuja, akapunguza kinini kidogo, akangoja, akapunguza tena. Usingizi haikukimbia. Ulimi ikaanza kuamka, leo neno moja, kesho mbili. Chumvi ikawa tena chumvi, na dada yangu akakosa mupira ya kucheza.

Basi siku moja wa bluu alisimama, akasafisha koo. "Bamama, ule wa manjano, mama yake alimutuma kununua mafuta, akarudia na ndevu."

"Nilirudia na ndevu juu ku duka nilikukuta wewe mbele yangu ku foleni," nilisema hapo hapo. "Na wewe ulifika kule ukiwa mutoto."

Ilitoka yenyewe, mbele nijue. Batu balipasuka kucheka, wa bluu alinikumbatia mupaka miguu yangu ikaacha chini, na macho yake ilikuwa na maji, lakini alisema ni moshi ya moteur. Mwenye mutumbwi alipiga mikono. Nilikuwa nimerudia.

Paka mama wa karanga peke yake hakucheka. Alibakia na beseni ku kichwa, ananiangalia sawa mutu mwenye amekuta duka imefungwa.

"Umejibu leo?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Nimepona."

"Mungu asifiwe," alisema. "Na batoto nitawabebea nini, kama jibu imeshatoka?"

Nilitafuta kitu ya kumuambia. Ulimi ilikuwa mwepesi, kinywa ilikuwa na maji, na sikupata hata neno. Alingoja kidogo, kwa heshima, vile alikuwa amezoea. Kisha akapanda bluu.