Nilimkamata Mama Mkwe kwa Mtungi wa Togwa

Bwana Mhariri, jina langu usilitie gazetini. Hapa Ifakara wanaonijua wananitosha.

Nimekosa. Sisemi nilipotoshwa, sisemi shetani alinipitia. Mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, nilimkamata mama aliyenizalia mke, halafu nikasimama mbele ya baraza nikasema uongo. Loo! Hata kuandika naona haya.

Nilikuwa askari polisi, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, bukta yangu ya khaki inasimama yenyewe kwa wanga. Sheria niliipenda mno, ila niliijua nusu. Mwalimu wetu alifundisha baada ya chakula cha mchana, na mimi nikishiba macho hufumba yenyewe. Nilichokishika barabara ni kimoja: askari akimkamata mtu, sharti amguse mwili. Asipomgusa, hajamkamata. Yaliyofuata hapo sikuyasikia, nilikuwa nimelala.

Basi akaja Inspekta, akatuambia watu wanapika pombe ya kuuza bila kibali, na askari atakayeleta kesi safi atafikiriwa utepe wa koplo. Utepe! Nikaanza kuutazama mkono wa shati langu kana kwamba umekwisha kushonwa.

Siku moja tulikwenda mimi na mke wangu Apolonia kuwasalimu kwao, njia ya kuelekea kivukoni. Mama mkwe ni mjane, na mpunga wake ulikuwa umeiva. Kesho yake majirani walikuwa waje kumsaidia kuvuna, naye alikuwa amewapikia mtungi mzima wa togwa, kile kinywaji cha kimea kisicholevya kikiwa kipya.

Ninyi wa bondeni mnajua adabu zetu. Mkwe hatazamwi usoni, sembuse kuguswa. Nilisalimia nikiwa nimeelekea ukutani. "Shikamoo, mama." Naye akaitikia toka jikoni, "Marahaba, baba. Apolonia, mpe mwenzio togwa."

Nikanywa kata mbili. Togwa tamu, imepikwa jana tu, hata mtoto mdogo angekunywa asiyumbe. Nikajipangusa mdomo. Ndipo macho yangu yakauangukia ule mtungi. Mkubwa! Kesi safi imekaa mbele yangu, na kibali sikioni popote.

"Apolonia," nikasema, "mwambie mama yuko chini ya ulinzi."

"Ulinzi wa nani?"

"Wa Serikali. Kwa kupika pombe."

"Pombe gani? Si hii uliyomaliza kunywa sasa hivi?"

"Hilo litaamuliwa na baraza."

Mama mkwe akacheka kule jikoni, akidhani nimepandwa na homa. Aliposikia natoa daftari akaacha kucheka, akasema, "Mwambie mwenzio nakuja. Anisubiri nijifunge kanga. Sitaki makelele na Serikali."

Sikilizeni sasa upumbavu wangu! Mama amekubali. Amejifunga kanga, yuko tayari njiani. Nami namkatalia!

"Bado hajakamatwa," namwambia mke wangu. "Sharti aguswe."

"Basi mguse."

"Nitamgusaje mkwe?"

"Basi mwache."

"Nitamwachaje mhalifu?"

Tulisimama pale hata jua likapinda. Majirani wakakusanyika, wengine na watoto mgongoni. Mwisho mama mkwe mwenyewe akachoka. "Apolonia mwanangu, niguse wewe twende, miguu inaniuma." Na mke wangu, machozi yanamtoka, akaweka mkono begani mwa mama yake kwa niaba yangu. Nikaandika katika daftari: amekamatwa.

Tukaenda hivyo hivyo. Mama mkwe mbele kabisa ili tusitazamane, mke wangu akimfuata, mimi nyuma na mtungi kichwani, bukta yote imelowa togwa.

Kituoni hapakuwa na chumba cha wanawake. Sajini wetu, mtu mzima mpole, akaniuliza kama nina hakika na kesi yangu. Nikasema ninayo. Akakuna kichwa, akaamuru mshitakiwa akae nyumbani kwangu, mke wangu amwangalie, mpaka siku ya baraza. Sasa nyumba yangu ni chumba kimoja! Nitaingiaje aliko mkwe? Siku sita nililala mahabusu, mimi askari, na mahabusu wangu yuko kitandani kwangu.

Mtungi niliufunika, nikaufunga kamba, nikaupiga lakiri, nikauweka dirishani penye jua. Siku ya tatu ukaanza kunong'ona. Siku ya tano ulikuwa unaguna. Sikujali! Kidhibiti hakifunguliwi.

Siku ya baraza hakimu akauliza, "Hiki ni nini?" Kabla sijajibu, kifuniko kikaruka kikampiga karani. Povu likamwagika mezani, harufu ikajaa chumba kizima. Hakimu akawaamuru wazee wawili wa baraza waonje. Wakaonja. Hawakuwa na hakika, wakaonja tena. Mmoja akasema ni pombe; mwenzake akaomba nafasi ya kufikiri, na kata nyingine ya kufikiria. Walipokuja kukubaliana mtungi ulikuwa mtupu, na mmoja wao alikuwa anamwita hakimu "shemeji".

Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Alikaa ameinama, anakunjakunja pindo la kanga.

Hakimu akanigeukia. "Askari, siku ulipoikamata, ilikuwa hivi hivi?"

Hapo, ndugu zangu! Hapo ndipo kosa langu lenyewe. Ya kugusana yalikuwa ujinga. Lakini hili nililijua. Togwa ile niliinywa kwa mdomo wangu, nikaisikia tamu. Nikautazama mkono wa shati. Nikasema, "Ndiyo, Mheshimiwa."

Mama mkwe akapewa siku saba za kufyeka nyasi za uwanja wa baraza, na kulala akalala pale pale kwangu, nami pale pale mahabusu.

Majirani nao, waliposikia kwamba togwa imekuwa kesi, waliogopa. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kuvuna. Ndege wakaushukia ule mpunga. Mama mkwe aliporudi kwake alikuta mabua yamesimama na masuke matupu. Chakula cha mwaka mzima, cha mjane! Hakunitukana. Apolonia alifunga nguo zake kwenye kanga, akamfuata mama yake bila kuniaga.

Ndipo nikamwendea Sajini, nikamweleza yote.

"Kumgusa mtu ni pale anapokataa," akasema. "Akikubali kwa maneno au kwa vitendo, huyo amekwisha kukamatwa. Hukufundishwa?"

"Nililala, afande."

"Na uongo je? Nao uliusema usingizini?"



Kesho yake nikaenda kwa hakimu, nikasema ile ilikuwa togwa na mimi nilijua. Akaagiza kidhibiti kiletwe kipimwe upya. Nikamkumbusha kwamba wazee walikimaliza. Akakasirika, akasema pasipo kidhibiti hawezi kuigeuza hukumu, ila mimi anaweza kunishitaki kwa kusema uongo mbele ya baraza. Nikamwambia ahsante! Kweli nilimwambia ahsante, hata karani akainua kichwa. Nikafungwa mwezi mmoja, nikavuliwa bukta na mkanda, na kazi ikaisha.

Msimu uliofuata nilikwenda shambani kwa mama mkwe bila kuitwa. Mpunga ulipoanza kutoa masuke nikajenga dungu katikati ya shamba, nikakaa juu yake tangu alfajiri mpaka jua linazama, nikipiga debe na kuwapigia ndege kelele. Siku nyingi hakuna aliyenisemesha. Halafu nikawa nakuta bakuli la wali na kambale chini ya ngazi, wala simwoni aliyeliweka.

Siku moja nikasikia mtu anapanda. Apolonia! Akaketi kando yangu, akachukua kombeo langu, akatupa jiwe. Kundi zima likaruka.

"Mama anasema unapiga kelele vibaya," akasema. "Ndege wamekuzoea."

"Anasema nifanyeje?"

"Anasema nikuonyeshe."

Nikalia pale juu, mtu mzima na ndevu zangu.

Basi ninyi vijana mnaovaa khaki za Serikali leo, nawasihi: sheria isomeni mpaka kwenye nukta, msiishie pale panapowapendeza. Mtu akiwaambia nakuja, mwacheni aje kwa heshima yake. Na mkiulizwa mlichokiona, semeni mlichokiona, hata kama kitawaaibisha. Mpunga ukishaliwa na ndege, haurudi kwenye suke kwa sababu askari amejuta.