Kopo la Samli na Maumivu ya Mbavuni

Aibu hii ningeificha ndani ya riwaya yangu, lakini riwaya yenyewe ndiyo iliyoniponza. Mafuta ya kula yalikuwa yameadimika Kariakoo nzima, na Bi Tatu, mama mwenye nyumba wetu, alikuwa na kopo la samli aliloletewa kutoka Tabora. Alilificha stoo, akingoja Idi.

Mimi nilikuwa nikiandika habari za kijiji ambacho watu wake hugawana kila walicho nacho. Kila nilipomaliza ukurasa mtamu, nilinyemelea stoo na kujipongeza kwa kijiko cha samli. Kopo lilipokutwa tupu, Bi Tatu alimshuku Mwajuma, mpangaji mwenzangu. Mwajuma alilia uani. Mimi nikainamia karatasi zangu.

Wiki moja baadaye maumivu yalinikamata chini ya mbavu za kulia, yakapanda mpaka begani.

"Unaandika mno, mwanangu, hata kula unasahau," alisema Bi Tatu, akanishika mkono mpaka hospitali.

Daktari aliponibonyeza nilipiga kelele.

"Huenda ni mfuko wa nyongo. Umekula mafuta mengi?"

"Ayapate wapi, daktari?" Bi Tatu akanijibia. "Huyu anaishi kwa uji na mawazo."

"Sema kweli, kijana, tusije tukakupasua bure."

Kisu nilikiogopa kuliko aibu. "Samli," nikanong'ona.

"Kiasi gani?"

Nikageukia ukutani. Bi Tatu aliuachia mkono wangu taratibu.

"Kopo zima, daktari," akanijibia tena. "Na Mwajuma sijamsemesha wiki nzima."