Zamu ya Alhamisi

Nesi aliyepanga chumba changu cha uani hapa Mpanda kwa miaka sita alipata uhamisho, akaondoka na godoro lake juu ya bajaji. Sikulia. Watu huhama, ndiyo kupangisha huko. Nilipaka chokaa, nikabadilisha kitasa, nikamwambia dalali aniletee mtu yeyote asiye na kelele.

Ua tulikuwa tunafagia kwa zamu, mimi Jumanne, yeye Alhamisi. Alhamisi tatu zikapita bila ufagio. Majani ya mpera yalirundikana, nami nikayakanyaga tu nikienda chooni.

Dalali akamleta dada mmoja muuza mchele kutoka Mamba. Chumba alikipenda.

"Mama, zamu yangu ya kufagia siku gani?"

"Jumanne," nikamjibu. "Alhamisi ina mwenyewe."