Meli Niliyoingojea Kama Ng'ombe wa Mnadani

Nimesoma mpaka darasa la tatu, basi. Shamba la zabibu la Makutupora nililipata kwa mikono hii, baada ya kupogoa mizabibu ya watu miaka mingi. Nyumba ya matofali ya kuchoma nimejenga mwenyewe. Kwa hiyo sijazoea kufundishwa namna ya kununua kitu.

Mke wangu alikuwa na presha ya macho. Daktari hakuzunguka: macho yatakwenda kidogo kidogo, na kilichokwenda hakirudi. Siku chache baadaye, akichambua mlenda, akaniambia, "Baba watoto, nataka nione bahari. Si ya ufukweni. Nikae ndani ya meli, niangalie maji yasiyo na ng'ambo." Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniomba kitu kikubwa kuliko kitenge.

Binti yetu anafanya kazi ofisi za serikali kule Mtumba. Jumamosi akaja na simu, akatuonyesha meli mbili za kitalii, zote zinaanzia Mombasa. Moja kubwa, ghorofa juu ya ghorofa, kila siku bandari mpya. Nyingine ndogo, ya zamani kidogo, na ratiba yake ina siku tatu nzima za bahari tupu.

"Hiyo ndogo," mke wangu akasema.

"Siku tatu tunalipia maji?"

"Ndiyo maji ninayoyataka."

"Baba, safari ni ya mama," binti akaingilia. "Tatizo ni chumba. Cha bei nafuu hakina dirisha. Chenye kibaraza ni karibu mara mbili."

"Kisicho na dirisha ni stoo," mke wangu akasema. "Mimi si gunia la mtama."

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka wote watatu.

Nikakubali ile ndogo, nikakubali na kibaraza. Bei ndiyo niliyoikataa. Mnadani hununui ng'ombe asubuhi. Unamkagua, unamponda, unaondoka zako. Jua likipinda, mwenye ng'ombe anaanza kufikiria njia ya kurudi naye, na bei inashuka yenyewe. Nikamwambia binti: siku ya safari ikikaribia na vyumba vitupu, watatutafuta.

"Baba, macho ya mama hayasubiri mnada."

"Wewe umesoma. Mimi nimenunua."

Na hela nilikuwa nazo. Hilo nataka lijulikane. Nilikuwa nazo zote, nimezitenga.

Mke wangu aliniuliza kila baada ya wiki kadhaa, neno moja tu: "Bado?" Nami namjibu, "Bado, itashuka." Tukavuna, tukapogoa, mizabibu ikachipua tena. Nikawa namwona anapita shambani ameshika nyaya za mizabibu, mstari hadi mstari. Nikadhani ni miguu, uzee.

Bei ikashuka. Nisidanganye, nilikuwa sahihi. Wiki tatu kabla ya safari binti alipiga simu: kile kile chenye kibaraza, karibu nusu ya bei. Akatuma picha. Nikatoka uani kama mtu aliyeshinda kesi. Mke wangu alikuwa anapepeta mtama. Nikamwekea simu mkononi.

"Haya, kibaraza chako hicho."

Akaiinamia. Akaigeuza kidogo. Akakaa nayo muda mrefu.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana."

Kioo cha simu kilikuwa kimezima.

Nikaketi chini, kwenye pumba. "Tangu lini?"

"Tangu mlipomaliza kupogoa. Naona mwanga tu, huyu mtu, huu mti, sijui."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unangoja bei kwa raha sana."

Nikamwambia twende hivyo hivyo, atasikia mawimbi. Akasema upepo wa Dodoma unamtosha kwa kusikia. "Nenda wewe, urudi unieleze." Mimi si mtu wa kueleza, naye anajua. Binti alingoja jibu siku mbili. Nikamwambia chumba wampe mwingine.

Juzi nilikuwa namsogezea kigoda kivulini, akaniuliza kama meli imeshaondoka. Nikasema bado. Ilikuwa imeondoka mwezi mzima nyuma. Mimi, ambaye sijawahi kumwogopa mtu kwa maneno, nilisema bado.

Akapapasa kigoda, akakaa.

"Basi ngoja," akasema. "Itashuka tena."